Miezi minne kwenye twisheni ya Uchumi Mabatini: mada ya nguvukazi imelipa ada yote

Naandika kwa ajili ya wanaorisiti kidato cha sita kama mimi, na kwa yeyote anayetafuta mahali pa kusoma Uchumi jioni hapa Mwanza akishamaliza shughuli zake. Nimesoma kituo kimoja cha Mabatini kwa miezi minne. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko, na nimeshayapeleka kwa wenyewe.

Kwanza mambo ya mfuko. Ada ni 25,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Kiingilio ni 5,000, unalipa mara moja. Vitini unanunua kando, kimoja 2,000 mpaka 3,500 kulingana na unene. Darasani tuko arobaini na kitu, dawati moja watu watatu, na anayechelewa anasimama nyuma. Choo kipo na kinasafishwa. Maji ya kunywa uje nayo.

Kilichonifanya niandike ni wiki tatu za mada ya nguvukazi na ukosefu wa ajira. Mada hii niliisoma shuleni miaka kumi iliyopita. Nilikariri kanuni: wasio na ajira, gawanya kwa nguvukazi, zidisha kwa mia. Niliiandika kwenye mtihani kama ilivyo, nikapata F ya Uchumi, na ukweli ni kwamba nilitoka shule sijui nguvukazi ni akina nani. Nilidhani ni watu wote wazima wenye afya.

Mwalimu wa hapa ni mtu mzima, aliwahi kuwa mdadisi kwenye tafiti za kaya, yaani wale wanaopita nyumba kwa nyumba na dodoso. Inaonekana anavyofundisha. Siku ya kwanza hakugusa kanuni. Alisimama katikati ya darasa akasema: "Aliyefanya shughuli yoyote ya kumpatia kipato, hata kwa saa moja tu, katika siku saba zilizopita, asogee upande wa dirishani." Wakainuka bodaboda wawili, fundi cherehani, dada wa saluni, kijana wa kuuza vocha. Mimi nilibaki nimekaa.

Akaniangalia. "Dada, jana si nilikuona Igogo unakaanga?"

"Nilikaanga, Mwalimu. Lakini sina kazi."

Darasa lilinyamaza, kwa sababu wengi tulikuwa tunafikiri hivyo hivyo. Nieleze kidogo. Nilifanya kibarua miaka sita kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Nilivaa gambuti na aproni, nikasimama kwenye meza ya barafu nikichuna na kusafisha minofu. Shifti zikashuka kutoka siku sita kwa wiki hadi tatu, kisha tukaambiwa tutaitwa. Miezi mitano nilikwenda getini kila asubuhi kabla ya saa 12, pamoja na wenzangu kama thelathini, msimamizi anatoka, anachagua watano au sita, anafunga. Nilipoacha kwenda, nilianza kununua mapanki, ile mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, nakaanga na kuuza jioni. Kwangu mimi kazi ilikuwa ile ya kiwandani. Mapanki yalikuwa ya kusogeza siku.

Mwalimu akaniambia, kwa upole kabisa, "Kwenye takwimu, dada yangu, unayo kazi. Umejiajiri. Njoo dirishani." Kisha akaeleza kwa nini saa moja inatosha. Kipimo hiki kimetoka Shirika la Kazi Duniani, na sababu yake ni kwamba hesabu ya watu wanaofanya kazi inatakiwa ilingane na hesabu ya pato la taifa. Kama sahani yangu ya mapanki inaingia kwenye thamani ya kilichozalishwa nchini, basi na aliyeikaanga lazima aonekane mahali. Nilielewa. Sikufurahi, lakini nilielewa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kuitwa "mwenye ajira" hakusemi lolote kuhusu kama kipato kinatosha. Hilo linapimwa kivyake: kuna hesabu ya wenye kazi isiyowatosha saa, wanaotaka kuongezewa na hawapati.

Akaendelea. Waliobaki wamekaa aliwauliza maswali mawili. Je, ungeitwa kazini leo ungekwenda? Je, katika wiki nne zilizopita umetafuta: umepeleka barua, umekwenda getini, umeuliza watu? Waliosema ndiyo mara mbili walikwenda mlangoni. Dirishani na mlangoni kwa pamoja, akasema, hiyo ndiyo nguvukazi. Waliobaki kwenye madawati wako nje ya nguvukazi: mwanafunzi anayesoma tu, mgonjwa, mzee aliyepumzika, na yule aliyechoka kutafuta.

Hapo kwenye "aliyechoka kutafuta" ndipo nilipokamata kalamu vizuri.

Zoezi la wiki hiyo lilikuwa kila mmoja azunguke kaya 12 za mtaani kwake na kuuliza maswali yale yale kwa kila mtu wa miaka 15 na kuendelea. Nilizunguka Igogo Jumamosi na Jumapili, nikiwa na daftari na kalamu ya risasi. Nilipata watu 50. Walioniambia wana kazi au shughuli walikuwa 30. Waliokuwa hawana, wako tayari na wanatafuta, walikuwa 4. Waliokuwa hawana na wako tayari ila hawatafuti tena, 6. Wanafunzi, wazee, wagonjwa na wanaoshughulika na nyumba tu walikuwa 10.

Kwa kipimo cha kimataifa, nguvukazi ya kaya zangu ni 34, wasio na ajira ni 4, kiwango ni asilimia 11.8. Ushiriki katika nguvukazi ni 34 kati ya 50, asilimia 68. Vizuri. Sasa mwalimu akasema: chukua mmoja kati ya wale wanne wanaotafuta, mfanye akate tamaa, piga hesabu upya. Wasio na ajira wanabaki 3, nguvukazi inashuka hadi 33, na kiwango kinakuwa asilimia 9.1. Hakuna aliyepata kazi. Hakuna kiwanda kilichofungua geti. Namba imepungua kwa sababu mtu mmoja amebaki nyumbani.

Nilikaa nikaikumbuka asubuhi ile niliyoamua kutokwenda getini. Nauli ya daladala ilikuwa inanimaliza, na mtoto alikuwa na homa. Wiki tatu nilikaa ndani kabla sijapata wazo la mapanki. Kama wiki hizo zingezidi nne, na mdadisi akapita na dodoso la kimataifa, mimi ningekuwa nimepunguza tatizo la ajira Tanzania. Nilimwambia mwalimu hivyo hivyo. Akasema ndiyo maana mchumi makini hasomi kiwango kimoja peke yake. Anaangalia na ushiriki, na anaangalia wenye kazi ni wangapi kati ya watu wote wa umri ule. Kwangu hao walikuwa 30 kati ya 50, asilimia 60, kabla na baada ya yule mmoja kukata tamaa. Namba hiyo haikudanganyika.

Halafu akatuonyesha kitu ambacho sikuwahi kufundishwa shuleni, kwamba Tanzania ina tafsiri yake ya kitaifa iliyo pana zaidi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, inapofanya Utafiti wa Nguvukazi, inatoa hesabu mbili. Kwenye ile ya kitaifa, asiye na kazi na aliye tayari anahesabiwa hana ajira hata kama hatafuti. Pia wanaingizwa watu walio na kazi ya jina tu, ambao wiki ile hawakufanya na hawana uhakika wa kurudi. Nikafungua daftari. Katika wale 30 wenye kazi, wawili walikuwa vibarua wa kiwanda ambao hawakuitwa wiki ile na hawajui wataitwa lini. Kwa tafsiri ya kitaifa nikawahamisha, nikaongeza na wale 6. Wasio na ajira wakawa 12, nguvukazi 40, kiwango asilimia 30. Kaya zile zile, wikiendi ile ile, daftari lile lile: 11.8 kwa kipimo kimoja na 30 kwa kingine.

Mwalimu alituonya tusikimbilie kutangaza hizo namba. Kaya 12 za mtaa mmoja si utafiti, na nilianza na nyumba za watu ninaowafahamu, wengi wao wa viwandani. Ni kweli. Lakini ukishaipiga hesabu kwa watu unaowajua sura, hutarudi kuchanganya tafsiri hizo mbili kwenye karatasi ya mtihani.

Siku iliyofuata kijana mmoja wa nyuma aliuliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: mbona Afrika Kusini, yenye viwanda na migodi kuliko sisi, inasemwa ina ukosefu wa ajira mkubwa kuliko sisi? Mwanzoni mwa 2023 kiwango chao rasmi kilikuwa asilimia 32.9, na kwa tafsiri yao pana asilimia 42.4. Huku kwetu utafiti wa 2014 ulitoa asilimia 10.3 kwa tafsiri ya kitaifa. Jibu la mwalimu lilinigusa. Kwetu mtu akikosa ajira anarudi shambani, au anachukua beseni anatembeza karanga, na hapo hapo anakuwa mwenye ajira. Kule shamba la kurudia ni kwa wachache, na biashara ndogondogo hazijatapakaa kama hapa. Kukaa bila shughuli yoyote kunahitaji mtu wa kukulisha. Fao la kukosa ajira lililokuja na mageuzi ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 ni la waliokuwa wanachangia mfuko, na sisi vibarua wa pale getini tulikuwa hatuchangiwi. Kwa hiyo mimi sikuwa na muda wa kuwa "asiye na ajira" wa kwenye vitabu. Nilikuwa na wiki tatu.

Kipindi kilichonigharimu usingizi ni cha mama mdogo wangu. Yuko Ukerewe, analima muhogo na viazi, vyote vya kula nyumbani, haviendi sokoni. Nilidhani yeye hana utata, ni mkulima. Mwalimu akatueleza kwamba Oktoba 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakabadilisha tafsiri. Kazi ni kila shughuli ya kuzalisha bidhaa au huduma, iwe ya kujitumia au ya kuwapa wengine. Ajira ni sehemu tu ya kazi, ile inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Anayelima kwa ajili ya chungu chake mwenyewe anafanya kazi, lakini hana ajira. Kwa tafsiri ya zamani mama mdogo alikuwa mwenye ajira. Kwa hii mpya, kama hatafuti kazi nyingine, yuko nje ya nguvukazi.

Tulibishana mpaka saa 1 na nusu. Kaka mmoja akasema ni dharau kwa wakulima. Mimi mwanzoni nilikuwa upande wake, kwa sababu nimemwona mama mdogo akirudi na jembe jua limeshazama. Lakini mwalimu alitukumbusha kwamba Kiswahili chenyewe kinatenganisha maneno haya siku zote: kazi na ajira. Hakuna anayesema bibi yake wa kijijini ameajiriwa, na hakuna anayethubutu kusema hafanyi kazi. Tafsiri mpya inakubali kwamba kufua, kupika, kulea na kuchota maji vyote ni kazi, na inataka vipimwe. Nikaona kwamba imempa mama mdogo kitu na imemnyang'anya kitu, na nimekubali kuishi na hilo.

Sasa lalamiko langu la kwanza. Kitini cha mada hii, kile cha 3,500, ukurasa wa nne, kiliandika kwamba mama wa nyumbani ni mfano wa mtu "asiyefanya kazi". Baada ya jioni nzima ya kutenganisha kazi na ajira! Nilinyoosha mkono, nikamwonyesha mwalimu. Alikiri kwamba kitini kiliandaliwa na mwingine kabla hajaja yeye. Sawa, lakini wanafunzi wanasoma kitini usiku wa kuamkia mtihani, hawasomi mabishano ya darasani.

La pili, kitini hicho hicho kinatoa asilimia 11.7 kama kiwango cha ukosefu wa ajira nchini, bila kutaja mwaka. Hiyo ni ya utafiti wa 2006. Baada yake pamefanyika wa 2014 na wa 2020/21. Mtu anatoa 3,500 ya jasho lake, anastahili angalau mwaka uandikwe pembeni ya namba.

Aina za ukosefu wa ajira zilipewa jioni mbili, na hapa nilimpinga mwalimu kwa kitu ninachokijua kwa mikono. Wa mpito, yule aliye katikati ya kazi moja na nyingine, aliupitia haraka na ulistahili haraka. Wa msimu aliueleza vizuri sana kwa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, na kina mama wa kuanika dagaa pale Igombe wanakaa siku kadhaa bila cha kuanika. Mdadisi akipita wiki ya mbalamwezi ataona ufukwe mzima umekaa. Mwenye mtumbwi ana kazi ya kurudia, atahesabiwa yuko kazini. Mama wa kuanika kwa kibarua hana wa kumhakikishia. Mfano huo sijawahi kuupata popote, na ulinifungua macho kuhusu kwa nini wiki ya utafiti ina maana.

Lakini akaviweka na viwanda vya minofu kwenye kapu hilo hilo la msimu. Nikakataa. Msimu unarudi. Sangara wakubwa wa kujaza meza za kiwanda hawakurudi. Viwanda vya Mwanza vilijengwa kupokea samaki wengi kuliko wanaopatikana leo, na aliyezoea kuchuna minofu hawezi kuamka kesho akawa fundi umeme. Huo ni ukosefu wa kimuundo, yaani uchumi umebadilika na ujuzi ulionao hauna tena mahali. Biashara ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, imeshika moto, ni kweli, bondo moja kubwa linauzwa bei inayoshangaza, lakini haihitaji meza ya wanawake thelathini. Mwalimu hakunijibu jioni ile. Ijumaa alirudi, akafuta ubaoni, akaviandika upya kwenye kimuundo na kuliambia darasa nani alimsahihisha. Mwalimu wa namna hiyo simwachi.

Kwa ukosefu unaotokana na kuanguka kwa mahitaji alitumia mifano miwili. Mmoja wa Marekani, kutoka asilimia 3.5 Februari 2020 hadi karibu 15 Aprili, wakati wa korona. Mwingine wa hapa hapa ziwani: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zilizokuwa zinatumiwa kuvulia. Samaki walikuwepo, wachunaji walikuwepo, mnunuzi ndiye hakuwepo. Dada zangu wakubwa wa kiwandani walikuwa bado wanausimulia mwaka ule.

Jambo moja la kuwaandaa. Darasa linaendeshwa kwa Kiswahili, na bila Kiswahili nisingeelewa hata robo. Ila mtihani ni wa Kiingereza, na mwalimu anatoa maneno ya Kiingereza mwishoni mwa kipindi, harakaharaka, wengine wameshasimama. Kaa mbele, andika kila neno na maana yake upande wa pili wa daftari. Na uje na kikokotoo chako.

Nawashauri wajiunge? Ndiyo, hasa kama wewe ni mtu mzima uliyewahi kufanya kazi ukaikosa. Kijana aliyetoka shule moja kwa moja anaweza kuona mjadala ni mrefu na mazoezi ya mitihani iliyopita ni machache. Kwa upande huo kuna vituo vinavyokariri zaidi. Mimi jaribio la mada hii nimepata 78, na nililijibu nikiwa nawaona watu wangu 50 mmoja mmoja.

Kitini kipya kimetoka wiki iliyopita, wamekiuza 3,000. Mwalimu aliniomba jedwali langu la kaya 12 walitumie, bila majina, nikakubali kwa sharti moja. Ukurasa wa nne sasa, mbele ya mama wa nyumbani, imeandikwa: "anafanya kazi, hayumo katika nguvukazi." Ile asilimia 11.7 bado imekaa bila mwaka. Nimewaandikia tena.